Kupima makovu ya ini kwa FibroScan: uzoefu wangu kutoka Malindi

Ninaishi na homa ya ini aina ya B, na kwa muda mrefu swali lililonikosesha usingizi ni kama ini langu limeshaanza kupata makovu. Zamani jibu lilipatikana kwa kuchomwa sindano ubavuni na kutolewa kinyama kidogo cha ini, kipimo chenye maumivu na hatari ya kuvuja damu, ilhali kinyama hicho ni takriban sehemu 1 tu kati ya 50,000 za ini zima. Daktari wangu hapa Malindi alianza na hesabu ya FIB-4 ya kukadiria makovu, inayotumia umri, vimeng'enya vya ini vya AST na ALT, na idadi ya chembe sahani za damu. Jibu langu liliangukia katikati, si la kuthibitisha makovu wala la kuyakanusha, ndipo akaniandikia niende Mombasa nikapimwe kwa FibroScan, mashine iliyobuniwa Ufaransa inayopima ugumu wa ini, kwani makovu hulifanya ini kuwa gumu.

Nilipanda matatu alfajiri bila kutia kitu kinywani, kwa kuwa mgonjwa anatakiwa akae angalau saa 3 bila kula. Chakula huzidisha damu inayopita kwenye ini, likaonekana gumu kuliko lilivyo. Aliyenipangia miadi kwa simu hakunieleza hayo, ni daktari wangu aliyenitahadharisha. Mama mmoja niliyemkuta pale alikuwa ameshakunywa chai kwa mahamri, akaambiwa asubiri, na hilo naliona ni uzembe usiostahili kufanyiwa mgonjwa aliyetoka mbali.

Kipimo chenyewe nakisifu bila kusita. Nililala chali, mkono wa kulia nyuma ya kichwa, kijana aliyekuwa akipima akanipaka jeli baridi kati ya mbavu na kukandamiza kifaa chenye ncha ya mviringo. "Mamangu, tulia tu, pumua kawaida," akaniambia, kisha nikahisi kitu kikinidunda ubavuni, mdundo mfupi usiouma, ukarudiwa hadi vikapatikana vipimo 10 vilivyo sawa. Kila mdundo hupeleka wimbi ndani ya ini, na kadiri ini lilivyo gumu ndivyo wimbi linavyokwenda kasi.

Jibu hutolewa kwa kilopaskali, kizio cha ugumu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2024 kuhusu homa ya ini B huchukulia kipimo kinachozidi 7 kuwa dalili ya makovu yanayohitaji tiba, na kinachozidi 12.5 kuwa dalili ya sirosisi, yaani makovu yaliyoenea ini zima. Nilitajiwa namba kwa mdomo tu, nikasisitiza nipewe karatasi, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vipimo vile vimetofautiana kiasi gani. Tofauti ikizidi asilimia 30 ya kipimo cha kati, namba hiyo ni ya kutiliwa shaka. Vilevile ini lililovimba kwa ugonjwa mkali, au tumbo lililojaa maji, huweza kuharibu jibu.

Langu lilizidi 7 kidogo, na tofauti ilikuwa ndogo. Daktari aliisoma karatasi pamoja na majibu ya damu, akanianzishia tenofovir, dawa ya kudhibiti virusi, ya kila siku, na akaniagiza kwamba nitakaporudia kipimo nirudie kwa mashine ya aina ile ile, tena kabla ya kula.