Uzoefu wangu na dpkg na RPM: orodha ya pakeji ikae kwenye maandishi au kwenye bainari?

Nianze na hukumu, asiye na muda aondoke nayo. Seva iliyo mbali nami, ambayo mtu pekee aliye karibu nayo ni mlinzi wa getini, naiwekea Debian, aina ya Linux inayosakinisha programu zake (pakeji) kwa zana iitwayo dpkg, na sababu kubwa ni faili moja tu la orodha ya pakeji hizo: /var/lib/dpkg/status. Seva iliyo kwenye chumba chenye umeme wa uhakika, hata RPM ya siku hizi, zana ya kazi hiyohiyo kwenye Linux za familia ya Red Hat kama CentOS na Rocky, sina ugomvi nayo, na kuna mahali inaizidi Debian waziwazi. Zamani hiyo sentensi ya pili nisingeiandika.

Natunza seva za ofisi ndogondogo, nyingine Debian, nyingine zilikuwa CentOS 7 na sasa ni Rocky 9. Kwa hiyo ninachosema hapa kinatoka kazini, si kwenye ubishi wa vijiweni.

Debian huandika kila kilichosakinishwa kwa maandishi ya kawaida. Ukifungua faili hilo kwa less unakutana na aya kwa aya, kila pakeji na aya yake:

Package: nginx
Status: install ok installed

Mstari huo wa Status ndio naupenda kuliko yote. Neno la kwanza ni kile ulichotaka kifanyike, la pili linasema kama pakeji ina hitilafu, la tatu ni hali ilipofikia kweli. Ukikuta half-configured mwishoni, unajua papo hapo kwamba mafaili yameshafunguliwa lakini skripti ya kumalizia haikufika mwisho. Kando yake kuna saraka ya info, ambamo kila pakeji ina faili lake la .list lenye njia za mafaili yake yote, na skripti zake zikiwa wazi kusomwa. Hakuna kilichofichwa.

Faida yake niliiona siku umeme ulipokatika katikati ya apt upgrade (apt ndiyo hushusha pakeji mpya na kuikabidhi dpkg izisakinishe). UPS ilikuwa imeshachoka, na diski ilikuwa SSD ya bei poa, zile zinazokujibu kwamba zimeshaandika kumbe bado. Seva ilipowaka, kila amri ya apt ikagoma na ujumbe wa kushindwa kusoma faili la status karibu na mstari fulani. Nikaingia kwa mbali, kwa SSH, kupitia bando la simu, nikafungua faili na kwenda kwenye mstari ule. Katikati ya aya ya pakeji moja kulikuwa na msururu wa ^@^@^@^@, yaani baiti tupu. Juu yake kuko salama, chini yake kuko salama. Dpkg huacha nakala ya nyuma iitwayo status-old, basi nikachota aya ileile humo, nikaibandika kwa nano, kihariri cha maandishi cha kawaida, nikaendesha dpkg --configure -a, kisha nikaisakinisha upya pakeji ile ili toleo lilingane. Kazi ikaisha, na zana yenyewe ilikuwa nano.

Sasa tuje RPM. Kwenye CentOS 7 orodha ilikaa /var/lib/rpm ndani ya Berkeley DB, hifadhidata ya bainari, yaani inayosomwa na programu na si kwa jicho: faili kubwa la Packages, faharasa kama Name na Basenames, na vile vifaili vya __db.001 na wenzake. Aliyewahi kutunza mashine hizo anaujua ujumbe wa “Thread died in Berkeley DB library” na DB_RUNRECOVERY yake. Yum, ambayo ni kama apt ya upande huu, ikiuawa ghafla, au kumbukumbu ikijaa na kernel (kiini cha Linux) ikaamua kuua mchakato, kuna uwezekano wa kuuona. Dawa yake kila fundi anaijua kwa moyo: futa __db zote, endesha rpm --rebuilddb, subiri. Mara nyingi mgonjwa anainuka. Lakini Packages lenyewe likiumia, jicho halikusaidii kitu. Ukilifungua ni takataka tupu kwenye skrini, na unabaki kutegemea zana za Berkeley DB, db_dump na db_load, zikuokolee kinachookoleka.

Watengenezaji wa RPM wenyewe walilijua hilo. Juu ya hapo kulikuwa na suala la leseni: Berkeley DB kuanzia toleo la 6.0, mwaka 2013, ilihamia AGPL, leseni yenye masharti makali zaidi, kwa hiyo dunia ya RPM ikakwama kwenye 5.3 ya zamani. Mwaka 2020 Fedora 33, Linux nyingine ya RPM, ikahamia hifadhidata ya SQLite, na familia ya RHEL 9 (Red Hat yenyewe, na Rocky 9 humo) ikafuata. openSUSE, nao watumiaji wa RPM, walichagua ndb, muundo wa RPM wenyewe.

Tangu nihamie Rocky 9 ile homa ya rebuilddb sijaiona tena. SQLite inajua kurudi nyuma salama ikikatizwa katikati, na kwa hilo naipa heshima yake. Ila msidanganyike kwamba eti kwa kuwa ni SQLite basi sasa inasomeka. Fungua rpmdb.sqlite uangalie jedwali la Packages: safu mbili tu, namba na blob, yaani furushi la bainari. Habari zote za pakeji zimefungwa ndani ya hiyo blob, kwa hiyo bila rpm yenyewe utaambulia vipande tu kutoka majedwali ya faharasa, kama majina kwenye jedwali la Name.

Mahali ambapo bainari inashinda bila mjadala ni kutafuta. Uliza rpm -qf faili hili ni la pakeji gani, jibu linakuja kabla hujanyanyua kidole, kwa sababu kuna faharasa. dpkg -S inabidi ipitie yale mafaili ya .list. Na ule mstari wa “Reading database” ambao dpkg huonyesha ikianza kazi, kwenye diski ya kuzunguka ya zamani, unaweza kwenda kuchemsha chai. Isitoshe, tangu mwaka 2010 dpkg hulazimisha data ifike diskini kwa fsync ili kuepuka mafaili matupu baada ya kukatika umeme, na gharama yake ni usakinishaji kuwa mzito. Kuna wanaotumia eatmydata, inayozima hiyo fsync, kuharakisha. Kwenye kontena sawa, kwenye seva ya mteja usijaribu.

Uwazi nao una shubiri yake: kinachosomeka kinachezewa. Nilirithi mashine ambayo fundi aliyenitangulia alichoshwa na malalamiko ya pakeji iliyokwama, akaifuta aya yake nzima kwenye status. Malalamiko yalinyamaza kweli, lakini mafaili ya pakeji ile yakabaki kwenye diski bila mwenyewe.

Kinachonifanya nibaki upande wa Debian, hata hivyo, ni namna apt ilivyogawa kazi. Ukweli uko kwenye maandishi. Kasi iko /var/cache/apt, kwenye pkgcache.bin na srcpkgcache.bin, ambazo ni bainari. Zikiharibika, zifute, zitajengwa upya amri inayofuata. Huo ndio mpango ninaoutaka: bainari iwe kitu ninachoweza kukitupa bila kuuliza mtu. Arch, Linux nyingine, nao huweka maandishi, saraka moja kwa kila pakeji, na Alpine, Linux ndogo, wana faili moja lenye herufi P: kwa jina na V: kwa toleo, fupi hadi raha.

Seva ya Debian ilipokufa ubao wake, niliichomoa diski nikaichomeka kwenye laptop ya Arch isiyo na dpkg kabisa. Grep, amri ya kutafuta maneno kwenye maandishi, peke yake ikanipa orodha yote ya kusakinisha kwenye mashine mpya.

Kwa hiyo kwenye zile za Rocky nimeweka cron (kazi ya ratiba) inayoendesha rpm -qa, amri ya kuorodhesha pakeji zote, kila usiku, ikaandika orodha kwenye faili la maandishi na kulituma seva nyingine. Debian sijaigusa. Ukichungulia /var/backups utakuta dpkg.status.0 na wadogo zake wa .gz wameshajipanga wenyewe.