Proton Mail kwenye ofisi ya makaratasi: maoni ya mpiga chapa wa barabara ya Accra

Kazi yangu ni makaratasi ya watu. Nina chumba ghorofani karibu na barabara ya Accra, Nairobi, chenye kompyuta, printa na skana. Siku hizi wengi wanaopanda ngazi kuja kwangu ni wauguzi na madereva wanaotafuta kazi Ujerumani, hasa tangu Kenya na nchi hiyo zitie saini mkataba wa ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Muuguzi akiketi mbele yangu ananikabidhi pasipoti, cheti cha kuzaliwa, taarifa za benki, cheti cha nidhamu cha polisi, pengine na majibu ya hospitali. Mtu mzima na mambo yake yote anapita kwenye skana yangu. Ndiyo maana suala la barua pepe nalichukulia kwa uzito, na ndiyo maana kazi zote za ofisi nimezihamishia Proton Mail.

Kilichonisukuma ni mteja mmoja, binti kutoka Kakamega. Alipiga *106# akaona laini za simu asizozijua zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kitambulisho hicho alikuwa amekipiga skani kwenye saiba fulani mjini, akajitumia kwa barua pepe, akaondoka akaunti ikiwa bado wazi. Alilia papo hapo ofisini. Na hapa Nairobi tumezoea vibaya: ukiingia jengo lolote, askari wa mlangoni anakusukumia daftari uandike jina, namba ya kitambulisho na ya simu, na anayekufuata anasoma ya kwako huku akiandika yake. Sitaki ofisi yangu iwe tundu jingine la kuvujia.

Proton ni kampuni ya Geneva, Uswisi. Barua pepe yake ilizinduliwa 2014 na wanasayansi waliokutana CERN, kituo cha utafiti wa fizikia, akiwemo Andy Yen anayeiongoza, na tangu 2024 inasimamiwa na wakfu usiotafuta faida. Barua ikitoka kwa mtumiaji mmoja wa Proton kwenda kwa mwenzake inasimbwa, yaani inageuzwa msimbo usiosomeka, kwenye kifaa cha mtumaji na kufunguka kwenye cha mpokeaji tu. Kampuni yenyewe haiwezi kuisoma. Shida ni kwamba wateja wangu karibu wote wako Gmail, na barua ya kawaida kutoka Proton kwenda Gmail haina ulinzi huo mwanzo hadi mwisho.

Kwa hao natumia barua yenye nenosiri, na hapa ndipo nilipoipenda huduma hii. Mteja anapokea kiungo, anakigusa, anaandika nenosiri, barua na viambatisho vinafunguka hata kwenye simu ndogo. Usipochagua muda mwingine, barua hiyo inajifuta baada ya siku 28. Nenosiri silitumi kwa barua wala kwa ujumbe wa simu. Namwambia mtu kwa mdomo kabla hajashuka ngazi, naye analirudia mbele yangu. Mzee mmoja dereva wa lori aliniambia, "Mama, hii ni kazi ya benki." Nikamjibu kwamba pasipoti yake ina thamani kuliko akiba ya benki, na nilimaanisha.

Mipaka yake uijue kabla hujahamia. Kichwa cha barua hakisimbwi kama mwili wake, kwa hiyo kwenye kichwa siandiki "Pasipoti ya fulani". Naandika namba ya faili tu. Viambatisho vya barua moja visizidi MB 25, nawe unajua vyeti vilivyopigwa skani vinavyonenepa. Akaunti ya bure inafika GB 1 tu, na kwa ofisi hiyo inajaa upesi. La mwisho na zito zaidi: ukisahau nenosiri na huna maneno ya urejeshi, yale unayopewa na Proton ya kurudishia barua zako, unaweza kufunguliwa akaunti upya lakini barua za zamani hutazisoma tena. Maneno hayo nimeyaandika kwenye karatasi, yako chini ya kufuli nyumbani, siyo ofisini.

Sasa nije kwenye jambo ambalo watu hunibishia. Wanasema, "Si ni Uswisi? Hao hawatoi siri." Wanatoa, sheria ikiwaamuru. Mwaka 2021 polisi wa Ufaransa walipitia Europol, shirika la polisi la Umoja wa Ulaya, mamlaka ya Uswisi ikatoa amri, na Proton ikalazimika kurekodi na kukabidhi anwani ya IP, namba inayotambulisha mahali unapoingilia mtandao, ya mwanaharakati wa tabianchi wa Paris. Mwaka 2024 ikajulikana kwamba polisi wa Uhispania walipata kwa njia hiyohiyo anwani ya urejeshi, ile barua pepe ya pili ya kurudishia akaunti, ya mtu waliyemhusisha na vuguvugu la kudai uhuru wa Catalonia. Katika kesi zote mbili yaliyoandikwa ndani ya barua hayakufunguliwa. Kilichotoka ni vitu vya pembeni ambavyo kampuni inaviona. Proton huchapisha idadi ya amri inazopokea, na kwa mwaka 2023 pekee zilipita 6,000. Naiheshimu kwa kutangaza hilo. Lakini anayeiuza kwako kama pango la kujifichia anakudanganya.

Na Ulaya si kitu kimoja. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya. Ina sheria yake mpya ya data iliyoanza Septemba 1, 2023. Mwaka 2025 serikali yake ilipendekeza kupanua kanuni za upelelezi wa mawasiliano, na Yen akasema hadharani kwamba zikipita, kampuni itahama nchi. Ndani ya Umoja nako, tangu Mei 2022 kuna pendekezo la kukagua ujumbe wa watu kwa ajili ya kuwalinda watoto. Lengo ni jema kabisa, ila toleo lake la awali lingelazimu ujumbe ukaguliwe kabla haujasimbwa, na Ujerumani ilikataa njia hiyo Oktoba 2025. Uingereza ilitaka kuingia kwenye nakala za iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, na kampuni hiyo ikaamua Februari 2025 kuwaondolea Waingereza ulinzi wake wa juu kabisa. Kwa hiyo mtu akisema "data iko Ulaya", muulize ni nchi gani.

Kwa nini nayasema haya kwa muuguzi wa Nairobi? Kwa sababu makaratasi yake yanaishia kwa mwajiri wa Ujerumani, na huko kuna GDPR, sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda data za watu, inayotumika tangu Mei 25, 2018. Sheria hiyo haiulizi uraia. Mkenya anaweza kumwandikia mwajiri huyo, hata aliyemkataa, adai nakala ya kila alichonacho kumhusu, na kwa kawaida ajibiwe ndani ya mwezi mmoja. Si sheria ya maonyesho: Mei 2023 mamlaka ya Ireland iliitoza Meta, wenye Facebook, euro bilioni 1.2 kwa kuhamishia data Marekani. Barua za madai ya aina hiyo nawaandikia wateja bila malipo. Nasi hapa tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inayoifuata GDPR kwa mengi, na ibara ya 31 ya Katiba, ya haki ya faragha, juu yake. Kwa sheria hiyo mteja anaweza kunidai mimi vilevile. Nimebandika ukutani: kazi ikiisha, faili lako nalifuta ukiwa umekaa hapa unaona.

Muuguzi anayetaka anwani ya kuombea kazi, akaunti ya bure inamtosha. Ofisi kama yangu ichukue Mail Plus, akaunti ya kulipia yenye GB 15. Malipo ni kwa kadi, PayPal, Bitcoin au hata noti ndani ya bahasha. M-Pesa ya moja kwa moja haimo, kwa hiyo natumia kadi ya GlobalPay iliyo ndani ya M-Pesa, nalipa mwaka mzima kwa mkupuo kwani kwa mwezi mmojammoja bei inapanda. Anayefanya uanaharakati na anaogopa serikali, yeye aanze kwa kusoma ripoti za hizo amri, na kwenye nafasi ya anwani ya urejeshi asiweke ile inayobeba jina lake.