115 ya m-mama: gari lilikuja, ila mimi nataka kumwongelea nesi aliyepokea simu

Nyota 5. Watu wengi wakiisifia m-mama, ile huduma ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, wanasifia gari, na kweli gari lilikuja, ila ngoja niwaambie kilichonigusa mimi.

Mke wangu alijifungua ghafla nyumbani saa 8 usiku, tuko vijijini huku Sengerema, yuko na mama yangu tu. Nimekimbia zahanati ya karibu nimegonga mpaka mkono ukavimba hakuna mtu, narudi nakuta damu bado inatoka. Nikapiga 115, ni bure hata kama huna salio.

Akapokea nesi. Mi napiga kelele tu lete gari, lete gari, na nikamtolea maneno ambayo mpaka leo yananichoma. Hakujibu hata moja. Akauliza, "Baba, vitenge vingapi vimelowa?" Nikamwambia viwili, cha tatu kinaanza. Akanyamaza kidogo, nikamsikia anavuta pumzi, halafu sauti ikarudi ileile ya taratibu: mlaze, mfunike asipate baridi, mtoto awekwe kwenye ziwa, bibi asugue tumbo chini ya kitovu mpaka lisikike gumu. Yaani huku sisi tunafanya yeye kule anamtafuta dereva. Madereva wenyewe ni watu wa hukuhuku wamesajiliwa, akishamfikisha mgonjwa na ikathibitishwa hela inaingia kwenye M-Pesa yake, mimi sikutoa hata mia.

Sasa kesho yake jioni simu ikaita, namba siijui. "Samahani baba, yule mama yupo?" Nikasema yupo, kaongezewa damu, sahivi anakunywa uji. Kimya. Halafu nikasikia analia.

Akaniambia shifti iliisha asubuhi lakini hakulala, alikuwa anamsikia mke wangu anavyogumia nyuma yangu. Simu nyingi gari likishaondoka wao hawajui tena imeishaje, maana nyingine inaita hapohapo, hata maji hujanywa. "Wodini mikono yangu inafanya kazi, mgonjwa namwona. Huku nina sikio tu." Aisee hilo neno limekaa kichwani kwangu.

Toka Rais Samia aizindue Dodoma 2022 ienee nchi nzima, watu tunahesabu wamama waliofikishwa hospitali, na ni haki. Ila wanaopokea hizo simu nao ni watu. Ombi langu kwa wahusika ni moja, nesi akitoka kwenye simu kama ile apewe hata dakika kumi akae pembeni, awe na mtu wa kuongea naye, na aletewe jibu kama mgonjwa kapona au la, asilitafute mwenyewe kwa vocha yake. Na nyie mtakaopiga, jibuni anachouliza, msimtukane kama mimi.

Nilimwomba msamaha kwa yale maneno. Akasema, "Hayo nilishasahau baba, niambie tu mtoto ana kilo ngapi."

Mbili nukta tisa.