Kipimo cha EEG (mawimbi ya umeme ya ubongo) kwa mtoto mwenye baka usoni, nyota 4

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja nimeikata kwa ajili ya mafuta ya nazi, ngojeni nieleze. Mwanangu ana miezi minne, kazaliwa na baka la zambarau kuanzia paji la uso mpaka kope ya juu upande wa kulia, na kwa ngozi zetu nyeusi mwanzoni halikuonekana vizuri tukadhani kavilia damu wakati wa kuzaliwa. Dokta wake hapa Maryland akasema baka likikaa hapo lazima tuangalie Sturge-Weber, yani mishipa ya damu isiyo sawa juu ya ubongo, mara nyingi kifafa kinaanza kabla mtoto hajatimiza mwaka, na presha ya macho juu. (Mashangazi mlioniuliza nilitamani nini nikakosa nikiwa mjamzito, tangu 2013 inajulikana ni badiliko la jeni GNAQ linalotokea humohumo tumboni, halirithiwi, mniache jamani.)

Siku ya kipimo mama mkwe kamwogesha mjukuu kampaka mafuta ya nazi kichwa kizima. Tunafika tunaambiwa kwenye mafuta waya hazishiki, ikabidi kichwa kioshwe upya kwenye sinki mtoto analia jengo zima linasikia. Sasa hilo si mngeliandika kwenye meseji ya apointimenti? Mmeandika paking na bima tu.

Ila yule dada wa mashine alinikosha. Kapima kichwa kwa utepe, kabandika vile vidude kimoja kimoja, hakuna sindano wala dawa ya usingizi, nikamnyonyesha akalala kifuani kwangu mashine inachora. MRI, ile picha ya ndani ya ubongo, kwa kawaida mtoto anapewa dawa alale, na kwa kichanga inaweza kutoka safi kumbe tatizo lipo, ndo maana watafiti wa Kennedy Krieger, taasisi ya ubongo wa watoto pale Baltimore, wakaingiza kompyuta ilinganishe mawimbi ya EEG ya kulia na kushoto, upande wenye shida unakuwa hafifu.

Majibu, pande zote sawa. Nikataka kupiga vigelegele, dokta akanituliza, kasema hii inapunguza wasiwasi haiufuti, nikiona mkono au mguu wa kushoto unarukaruka wenyewe nirekodi kwa simu na nikimbie emajensi, na macho yaendelee kupimwa. Alikaa nasi nusu saa nzima, sijazoea.

Gundi ilibaki kwenye nywele siku tatu. Imetoka kwa mafuta ya nazi ya mama mkwe.