Vitabu vya picha kwa mtoto wa miaka 3 hadi 7: ununue kipi kwanza

Kabla hujageuza kitabu kutafuta bei, fungua ukurasa wa katikati usome kwa sauti, hapo hapo dukani. Ulimi ukijikwaa mara mbili katika ukurasa mmoja, kirudishe. Kitabu cha picha husomwa usiku baada ya usiku, na sentensi inayokukwama leo itakukwama kila usiku. Mara nyingi tatizo ni tafsiri ya haraka. "Yeye alimpa yeye mpira" si Kiswahili cha mtu anayemsimulia mtoto. "Alimpa mpira" inatosha, maana kitenzi chetu kimekwisha kubeba mtendaji na mtendewa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usiamini jalada linaloahidi "maneno matano tu kila ukurasa". "Hawakunisaidia" ni neno moja, lakini lina silabi nane. Kwa mtoto anayeanza kujisomea, hesabu silabi: maneno mengi yawe ya silabi mbili hadi nne, kama paka, kikombe, anakula. Angalia pia kama neno limekatwa mwisho wa mstari. Mtoto akikutana na "wana-" huku, kisha "kimbia" mstari wa chini, huyasoma kama maneno mawili. Kwa kitabu utakachomsomea wewe, urefu wa maneno si shida kabisa.

1. Kitabu kilichotungwa kwa Kiswahili, kurasa 16 hadi 32, kilichofungwa kwa pini za stepla

Hiki ndicho cha kuanza nacho. Dar es Salaam utatafuta vya Mkuki na Nyota na Readit Books. Nairobi, vya Storymoja na East African Educational Publishers. Nambari ya ISBN nyuma ya jalada itakuonyesha kitabu kimetoka wapi: 978-9987 au 978-9976 ni Tanzania, 978-9966 ni Kenya. Haikuambii kama hadithi ni nzuri. Hata ithibati ya shule haikuambii hilo. Kazi yake ni kuonyesha kwamba kitabu kinafaa kutumika darasani.

Kwa ufungaji, chagua pini mbili mgongoni kuliko gundi. Kitabu chembamba cha gundi hakilali wazi. Mtoto hukikandamiza kwa kiganja, gundi iliyokakamaa inapasuka, na kurasa za katikati ndizo zinazotoka kwanza. Tena picha iliyotandazwa kurasa mbili humezwa na mgongo: uso wa mbuzi unapotea pale pale palipokuwa na uhondo. Pitisha kidole juu ya ncha za pini kuhakikisha zimelala chini. Ukikaa pwani, kagua kutu pia, kwa maana pini yenye kutu huila karatasi na kuiachia.

Karatasi ya fotokopi ni gramu 80 kwa mita ya mraba. Kitabu cha picha kinataka gramu 120 hadi 150. Huhitaji mizani: inua ukurasa mmoja kuelekea mwanga, na kama picha ya nyuma inaonekana wazi, karatasi ni nyepesi na itachanika kwenye kona.

Halafu tazama michoro peke yake, ukifunika maandishi kwa mkono. Je, unaweza kukisia kinachotokea? Je, kuna jambo ambalo maneno hayakulisema, kama kuku anayeonekana kila ukurasa bila kutajwa? Mchoraji aliyefanya hivyo amempa mtoto sababu ya kurudi. Picha inayorudia tu sentensi ("Juma ameshika mpira", na Juma ameshika mpira) humalizika siku ya kwanza.

2. Kitabu cha kuchapisha mwenyewe

African Storybook, mradi wa taasisi ya Saide ya Afrika Kusini, una hadithi nyingi za Kiswahili zinazopakuliwa bure, na leseni yake huria inakuruhusu kuzichapisha. Nyingine ni tafsiri, kwa hiyo jaribio la kusoma kwa sauti lifanyike kabla ya kulipia wino.

Kitabu cha kurasa 16 kinahitaji karatasi 4 za A4, zichapwe pande zote mbili na kukunjwa katikati. Mwambie mchapaji aweke mpangilio wa kijitabu na ageuze karatasi kwa upande mfupi. Akigeuza kwa upande mrefu, kurasa za nyuma zitatoka kichwa chini. Omba printa ya leza, kwa sababu wino wa maji huchuja mtoto akilamba kidole. Jalada liwe kadi ya gramu 200 au zaidi, na stepla iwe ya mkono mrefu, maana ya kawaida haifiki kwenye mkunjo. Kama kurasa zimelala, upana ukizidi urefu, kijitabu kitabana picha. Zichape moja moja kwenye A4 na uzifungishe kwa baindi ya plastiki.

3. Kitabu kisicho na maneno, hata cha mitumba

Watu hukipita kwa kudhani hakina thamani, na hapo wanakosea. Lugha iliyo jaladani haina uzito. Hadithi utaisimulia kwa Kiswahili chako, na kesho mtoto atakusimulia wewe. Kwa wauzaji wa mitumba, hesabu kurasa za kitabu cha pini: zisipogawanyika kwa 4, kuna karatasi iliyong'oka. Kinusie pia, harufu ya ukungu haitoki.

4. Kitabu cha lugha mbili

Ukurasa huwa umejaa, na picha hupungua. Lakini kwa familia iliyoko London, Toronto au Muscat, kipandishe hadi nafasi ya kwanza. Mantra Lingua ya London huchapisha vya Kiingereza na Kiswahili. Hakikisha kila lugha ina mahali pake pale pale kila ukurasa, na Kiswahili hakikuandikwa kwa herufi ndogo zaidi.

5. Kitabu cha alfabeti

Hiki kiwe cha mwisho, na ukikagua kwa sekunde kumi. Kikiwa na ukurasa wa Q na X, kimenakiliwa kutoka Kiingereza, kwani Kiswahili hakizitumii. C peke yake nayo haina neno. Panatakiwa ch, pamoja na dh, gh, ng', ny, sh na th.

Aliye chini ya miaka 3

Orodha yote hapo juu haimhusu bado. Mnunulie kitabu cha kadi ngumu, kurasa 8 hadi 12, chenye kona za mviringo. Bonyeza ukingo wa kurasa kwa ukucha: tabaka zikianza kuachana dukani, mate yatazimaliza ndani ya wiki. Epuka vishikizo, macho ya plastiki na kitu chochote kinachoweza kung'oka kikaingia kooni.