Yamaha DX7 ya mtumba: inamfaa nani hapa Mbeya, na ikaguliweje

Anayetafuta kinanda cha kusindikizia kwaya Mwanjelwa au Makambako aipite tu DX7, sinthesaiza (kinanda cha kuunda sauti) ya Yamaha. Haina biti wala spika ndani, na funguo zake 61 hazigawanyiki ili mkono wa kushoto upige besi huku wa kulia ukipiga piano. Inatoa sauti ya aina moja kwa wakati mmoja, hadi noti 16 kwa pamoja, kupitia tundu moja la mono. Kwa kazi hiyo PSR ya kawaida, kinanda cha Yamaha chenye biti na spika, ni bora mara mia, tena haikuvunji mgongo: DX7 ina kilo 14.2 kabla hujaiweka kwenye boksi.

Mwenye studio ya chumbani ndiye wa kuitazama kwa makini. Yamaha waliitoa mwaka 1983 wakitumia njia ya kuunda sauti iitwayo FM, aliyoigundua John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Ndani kuna operata 6. Kila moja hutoa wimbi laini, na moja ikiitikisa nyingine ndipo sauti inapopata makali. Kuna mipangilio 32 ya nani amtikise nani. Chagua namba 11, E.PIANO 1, kwenye sauti za kiwandani. Ukigusa taratibu unapata sauti ya mviringo. Ukikandamiza kwa nguvu, operata inayotikisa inaongezwa na mlio wa chuma unajitokeza juu ya noti. Besi ya namba 15 nayo haijazeeka hata kidogo.

Sasa ukaguzi. Kwanza geuza nyuma usome kibandiko cha umeme. Zilizouzwa Japani ni za volti 100. Ukichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa volti 230 umeiunguza. Inahitaji transfoma ya kushusha hadi volti 100 kamili, ya VA 100 inatosha. Ile ya 110 inayouzwa kila mahali itaiwasha, ila sehemu ya umeme itachemka kuliko ilivyokusudiwa.

Pili, betri. Kumbukumbu yake inashikiliwa na CR2032 iliyolehemiwa kwenye ubao. Bonyeza FUNCTION, kisha 14, usome volti: nzima huwa karibu 3, na ikikaribia 2.5 ibadilishwe. Ukikuta majina ya sauti yamejaa alama za ajabu na mlio ni kelele tupu, muuzaji atakwambia mashine imekufa. Mara nyingi ni betri tu, kwa hiyo hapo una nafasi nzuri ya kushusha bei.

Betri yenyewe utaipata kwenye duka lolote la saa. Kazi iko kwenye kuibadilisha. Hifadhi sauti kwanza kwenye kompyuta kupitia waya wa midi (njia ya ala na kompyuta kuwasiliana), maana betri ikitoka zinafutika: FUNCTION, kisha bonyeza 8 mpaka uone SYS INFO, weka AVAIL, bonyeza 8 tena, halafu YES kwenye MIDI TRANSMIT. Zikirudi kutoka kwenye kompyuta, kumbuka kuzima MEMORY PROTECT ya ndani, la sivyo mashine itazikataa. Fundi asilehemu waya juu ya betri yenyewe. Joto linaweza kuipasua. Alehemu kishikio cha betri, chanya kwa chanya, ili safari ijayo usihitaji tena pasi ya kulehemu.

Hapa wengi wanakwama kwa sababu ya waya wa midi wa USB wa bei ya chini. Furushi la sauti 32 ni baiti 4104, na kwa kasi ya midi linachukua sekunde moja na kidogo. Waya duni unapitisha noti vizuri kabisa lakini unadondosha baiti katikati ya furushi, kisha lawama zinaiangukia DX7. Jaribu waya mwingine kabla hujafungua chochote.

Tatu, piga kila ufunguo, kwanza polepole halafu kwa nguvu. Mashine inapima nguvu ya kidole kwa muda unaopita kati ya migusano miwili chini ya ufunguo. Vumbi la kiangazi likiingia, noti moja inapayuka na jirani yake inanong'ona. Hilo husafishwa kwa spiriti safi na pamba isiyoacha nyuzi. Kitelezi cha DATA ENTRY kikirusha namba ovyo, nacho ni uchafu. Vitufe vya kijani visivyoitika ni kesi nzito zaidi, kwa sababu utando wake si kitu cha kukipata dukani Mbeya wala Iringa. Kioo hakina taa ndani. Kukisoma usiku utahitaji taa ya pembeni.

Unayepanga kuitumia kuendesha programu za kompyuta, jua kwamba inatuma kwenye chaneli 1 ya midi pekee na namba ya nguvu ya kidole inayotuma haifiki 127, ambayo ndiyo kilele cha midi, hivyo sauti za programu zitakuja zikiwa zimefifia mpaka urekebishe upande wa kompyuta. Na kama unachotaka ni sauti zake tu, programu ya bure ya Dexed, inayoiga DX7 kwenye kompyuta, inasoma mafurushi yaleyale. Utakosa funguo nzito na kale ka-mchakacho ka mashine yenyewe. Kwa bei wanazotaja wauzaji wengi, mimi ningeanza na Dexed.