Redio, spika na waya za boti ya wageni: nilichochagua na kwa nini

Boti yangu ni ya faiba, futi 28, mashine mbili za nje. Asubuhi inapeleka wageni kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, jioni inawazungusha mbele ya Nungwi kuangalia jua likizama. Hao wa jioni lazima muziki. Aliyeniuzia chombo alikuwa amefunga redio na spika za gari, na vyote vilikuwa vimekwisha: koni za karatasi zimelowa zikajikunja, na nilipomenya ganda la waya nikakuta shaba imegeuka unga wa kijani, si pale kwenye kiungo tu, bali ndani kwa ndani karibu shubiri nzima. Nikang'oa kila kitu.

Fundi wa kwanza niliyemwendea alikuwa na swali moja: "Bosi, unataka wati ngapi?" Mimi nasema wati ziulizwe mwisho. Ile namba kubwa ya kwenye boksi mara nyingi ni kilele, nguvu ya kufumba na kufumbua. Ya kulinganishia ni ile ya RMS, yaani nguvu inayotolewa mfululizo. Halafu kwenye boti ya wazi, mashine zikinguruma na upepo ukivuma, kinachosaidia ni spika kuwa karibu na watu. Nimefunga nne za inchi 6.5, mbili omo (mbele) na mbili tezi (nyuma), na sijasikia mgeni akisema haisikiki.

Cha kuanza nacho ni namba za IP, zinazoonyesha kifaa kinazuia maji na vumbi kiasi gani. IPX7 maana yake kifaa kilizamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30 maji yasiingie. IPX6 maana yake kilipigwa maji ya nguvu kila upande. Kufaulu ya 7 hakuhesabiki kuwa umefaulu ya 6, na boti haizami kila siku, ila inapigwa mawimbi na mpira wa kuoshea kila siku. Kwa hiyo kwenye spika naitafuta 6 hata kama 7 ipo. Na majaribio hayo hufanywa kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Chumvi ina kipimo chake, ASTM B117, na jua lina chake. Kampuni zilizobobea mambo ya baharini huvitaja kwenye karatasi zao. Boksi likikaa kimya kuhusu chumvi na jua, mimi naona hiyo ni spika ya gari iliyopakwa rangi nyeupe. Kwenye redio, soma vizuri tena: mara nyingi namba ya IP ni ya uso tu, mgongo haumo. Yangu nimeifunga kwenye kisanduku cha usukani ambacho ndani yake hakuingii maji.

Redio yenyewe ni Fusion MS-RA70, nimeagiziwa Dubai. Fusion iko chini ya Garmin tangu 2014. Haina tundu la CD, nami silihitaji, Bluetooth inanitosha. Nilichoilipia hasa ni kugawa sauti sehemu mbili: wazee waliokaa tezi wanaongea kwa raha, vijana wa omo wanacheza, kila upande na sauti yake. Kama boti yako ina benchi moja tu, usilipie hilo.

Pesa nyingine iende kwenye waya. Chukua waya wa shaba iliyopakwa bati, na viungo vyake vivalishwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Betri ikiwa tezi na redio iko katikati, hesabu urefu wa kwenda na kurudi ndipo uchague unene, la sivyo ukiongeza sauti redio inajizima. Fyuzi ikae karibu na betri. Viwango vya ABYC, baraza la boti la Marekani, vinasema ndani ya inchi 7. Redio ina betri yake peke yake, nisije nikabaki kati ya Mnemba na Matemwe nimesikiliza taarabu hadi mashine haiwaki.

Spika ina sumaku, na dira haipendi sumaku. Kabla ya kutoboa, shika spika pale unapotaka kuifunga, mwambie nahodha aangalie dira, kisha iondoe. Sindano ikicheza, sogea. Yangu ya kulia ilibidi ishuke chini kabisa karibu na sakafu. Nahodha pia ameweka sharti ambalo naliunga mkono: akiwa njiani, muziki haupandi kiasi cha kuifunika VHF, redio ya mawasiliano, kwenye chaneli 16 ya dharura. Vichaji vya USB vya bei poa navyo hutia mvumo kwenye VHF. Washa kila kimoja peke yake usikilize.

Runinga sikufunga, ingawa vijana wangu walinisihi sana kwa ajili ya Simba na Yanga. Runinga ya nyumbani haionekani juani, kioo cha kuhimili jua ni ghali kupita redio na spika kwa pamoja, na dishi kwenye chombo kinachoyumba linataka mtambo wa kulifuatisha na setilaiti. Siku ya mechi tunaunganisha simu na redio, tunasikiliza mtangazaji, basi.

Mwenye ngalawa au mashua ndogo asihangaike na haya yote. Spika ya kubeba mkononi kama JBL Charge 5 ina IP67 (hapa 6 ni ya vumbi, 7 ndiyo ya maji) na betri yake ndani. Ukirudi pwani isuuze kwa maji baridi, na tundu la chaji likauke kabisa kabla hujachomeka.